Breki ya Mbele ya Papa Salha

Mwavita alikuwa amechoka, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Alikuwa fundi wa pikipiki pale Kamembe, mji wa Rwanda unaopakana na Kongo, kwenye kibanda alichoachiwa na marehemu baba yake pamoja na sanduku la spana, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akiwaambia madereva wale wale neno lile lile, kwamba breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki, nao wakimcheka kwa adabu. Wao walikuwa na lao: Legeza breki ya mbele, fundi. Legeza kabisa, isiguse. Aliyenunua pikipiki mpya alimpelekea siku hiyo hiyo, kabla hata ya kubeba abiria wa kwanza.

Ilikuwa kama dini. Dereva alifundishwa na mwenzake, na mwenzake na mwenzake, kwamba breki ya mbele humrusha mtu juu ya usukani kama gunia, kwa hiyo dawa yake ni kuiua. Basi maneti ya mkono wa kulia, kile chuma kinachokaa mbele ya vidole, ilibaki pambo tu. Walitegemea breki ya nyuma, ya mguu. Na wakishuka kutoka Kamembe kwenda darajani Rusizi ya Pili, kwenye mpaka, walikamata klachi mpaka mwisho, pikipiki iteremke bure, petroli ibaki kwenye tangi. Hebu fikiria mwenyewe. Mteremko ule, kona zile, abiria na mzigo wake nyuma, injini haizuii kitu, breki moja ya mguu. Halafu mtu akifika chini salama anasema yeye ni fundi wa barabara.

Mume wake, Ntabaza, alikuwa mmoja wao, na kwa ubishi aliwapita wote.

"Mama Salha, miye niko na miaka kumi na tano barabarani," alimwambia. "Hii freni ya mbele haijanisaidia hata siku moja."

"Itakusaidia namna gani na umeiua?"

"Basi umeona. Miye na yeye tunaheshimiana."

Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha wake ulimchosha mkewe kuliko ubishi. Kila jioni Mwavita aliketi na mikono yenye grisi, akisikiliza pikipiki zinazopanda kilima, akiitafuta kwa masikio ile ya nyumbani. Alitamani jambo moja tu duniani, mume wake aache ile barabara kabla barabara haijamwacha yeye. Alishasema, akanuna, akalia, akamtuma shangazi. Wapi.

Jumapili moja, Ntabaza amelala baada ya chakula, Mwavita aliivuta pikipiki nyuma ya nyumba. Alibadilisha viatu vya breki ya mbele, akaweka waya mpya, akakaza nati mpaka maneti ikawa inashika mapema. Aliijaribu kwa vidole viwili na gurudumu likatii. Hakumwambia mumewe kitu. Alijua akiambiwa ataifungua mwenyewe kabla ya chai ya asubuhi. Alijisemea, siku ya shida mkono wake utaikuta breki ipo, na hata asiponishukuru, atakuwa hai. Wanasema wema hauozi. Huu ulioza siku ya tatu.

Kwani kuna kitu fundi mzima, binti wa fundi, hakukiwaza. Breki haiko kwenye gurudumu peke yake, nusu yake iko kwenye vidole. Mkono uliozoea breki iliyokufa haujui kuminya kidogo kidogo. Ukiingiwa na hofu unafunga ngumi, vidole vyote vinne, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi anayekimbia, kwa sababu kwa miaka kumi na tano ngumi ile haikumdhuru mtu.

Jumatano Ntabaza alikuwa anateremka Mururu na Maman Feza, mfanyabiashara wa Bukavu, mteja wake wa kila wiki, pamoja na gunia la karoti kutoka Nkungu. Kwenye kona, mwanamke mwenye beseni kichwani akavuka bila kutazama. Klachi ilikuwa imekamatwa, pikipiki inajiendea. Ntabaza akakanyaga breki ya mguu, na mkono wa kulia ukafunga ngumi. Gurudumu la mbele likakwama hapo hapo, pikipiki ikalala. Mwenye beseni hakuguswa. Ntabaza alivunjika mfupa wa bega, Maman Feza akapoteza meno mawili, na karoti zikashuka zenyewe mpaka mtaroni.

Pikipiki ililetwa kwa nani? Kwa Mwavita. Aliona tairi la mbele limesuguliwa mahali pamoja, waya wake mpya umevutika, akaelewa kila kitu. Alinyoosha usukani, akanawa mikono, akaenda kumpikia mgonjwa uji.

Ntabaza hakukumbuka ngumi ile, maana hakuna anayekumbuka alichofanya mkono wake kwa hofu. Alikumbuka kona, halafu ardhi. Alitafuta sababu, akapata moja tu.

"Nilisinzia," aliwaambia waliokuja kumpa pole. "Ni umri, bandugu. Nilisinzia na muntu nyuma yangu."

Maman Feza naye alikuja, midomo imevimba, akaketi kitandani akamshika mkono. Alimwambia amemsamehe, kwamba uchovu ni wa kila mwenye batoto wa kulisha, asijitese. Ntabaza alilia mbele yake bila kujificha. Mgeni alipoondoka, Ntabaza akasema pikipiki itauzwa. Sibomana, dereva wa Mururu, ataichukua Ijumaa ya wiki ya sita, na yeye ataketi dukani kwa kaka yake auze sabuni.

Ona sasa. Kile alichokitamani Mwavita kwa miaka yote kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni, na bei yake ilikuwa kunyamaza tu. Akinyamaza, mume hai, nyumbani, jioni zote. Akisema, atarudi barabarani, na pengine hatamtazama tena kama mke. Alinyamaza. Wiki ya kwanza alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu aolewe.

Lakini Ntabaza alianza kuzeeka mbele ya macho yake, na alikuwa hajafika hamsini. Alikataa kumbeba Salha, binti yao wa miaka minne, asije akasinzia akamwangusha. Chupa ya chai akaogopa kuimimina. Akitembea barabarani alitembea pembeni kabisa, majanini, kama mgeni. Mizaha ilikwisha. Mwavita, aliyekuwa amechoshwa na ile mizaha, akagundua kuwa nyumba isiyo nayo inachosha mara mbili.

Jumatano ya wiki ya sita, bandeji ikiwa imekwisha kufunguliwa, alikuwa anamkanda bega kwa mafuta ya moto. Akaona heri aseme akiwa nyuma yake.

"Papa Salha, haukusinzia."

"Miye ndiye nilikuwa pale."

"Freni ya mbele ilikuwa inashika. Miye niliikaza ile Jumapili, sikukuambia. Ulikamata ngumi kama ulivyozoea, gurudumu likakwama. Ni hivyo tu. Haukulala hata kidogo."

Bega likawa gumu chini ya mikono yake.

"Wiki sita," alisema Ntabaza. "Wiki sita unaniona najitupa kama nguo mbovu, na weye unajua."

"Nilitaka ukae nyumbani."

"Nimekaa. Ulifurahi?"

Angeweza kudanganya, lakini hata uongo unataka nguvu. "Wiki ya kwanza nilifurahi," alisema.

Ntabaza akavaa shati akatoka. Siku hiyo na Alhamisi yote hawakusemezana ila kwa mambo ya mtoto. Ijumaa Sibomana alikuja na fedha zake, akaambiwa pikipiki haiuzwi tena, akaondoka ananung'unika. Ndipo Ntabaza akaitoa nje, akamrushia mkewe kofia ya abiria.

"Panda."

"Tunaenda wapi?"

"Chini. Utanionyesha hiyo freni yako inavyotumika. Tukianguka, tunaanguka wawili."

Mwavita alipanda. Kwanza walizunguka tambarare mara kumi, na yeye akisema neno kwa neno sikioni mwake. Vidole viwili, vingine vibaki kwenye usukani. Usikamate, bembeleza. Gusa kwanza, usikie mbele inainama, ndipo uminye. Mara mbili Ntabaza alishtuka akaminya zaidi, pikipiki ikatikisika, Mwavita akarudia somo. Halafu wakaanza kuteremka.

"Achia ambreyaji," alimwambia, maana klachi ilikuwa mkononi tena. "Acha injini ikushike. Ambreyaji ni ya mwisho, ukitaka kusimama. Na upunguze mbele ya kona, si ndani ya kona."

Mwavita aliliona jasho likimtoka mumewe shingoni. Aliogopa kuliko jioni zote za kusikiliza. Walipita kona ya ajali polepole, injini ikinguruma kwa chini. Karibu na daraja lori lilisimama ghafla mbele yao. Vidole viwili vikaminya, mguu ukagusa, klachi ikaja mwisho. Pikipiki ikasimama imenyooka, nafasi ya kutosha mbele yake.

Furaha ikampanda Mwavita, akataka kusema, umeona? Ntabaza alizima injini. Hakugeuka.

"Maman Feza yuko pale kwenye foleni ya kuvuka mpaka," alisema. "Shuka, umwambie kwa kinywa chako."

"Leo?"

"Alinisamehe miye, na kosa halikuwa langu. Kamwulize kama weye pia anakusamehe."

Mwavita alivua kofia, akashuka. Maman Feza alimwona kwa mbali, akasogea kwenye ubao aliokalia ili ampe nafasi ya kukaa.