Kijiko Kidogo

Kitu cha kwanza alichokiona Tunu mezani ni kijiko, kidogo kama cha kumlishia mtoto. Mumewe Kondo, fundi seremala wa Keko, ndiye aliyetengeneza viti vya mgahawa ule wa kifahari wa Kigamboni, na mwenye mgahawa akawaalika chakula cha jioni. Mhudumu akawaletea povu la pweza juu ya jiwe.

“Mke wangu, hili tunakula au tunaogea?” Kondo alinong'ona.

Tunu akacheka, mara ya kwanza tangu wamzike binti yao, aliyefariki kabla ya kupewa jina. Kisha akakishika kile kijiko, na kicheko kikamkauka mdomoni.

“Sema basi, Tunu. Usininyamazie tena.”

“Najat,” alisema. “Nilitaka tumwite Najat.”