Bwana Agronome, Ukubwa wa Nzi

Mwalimu Anaclet hakunipenda, na mimi sikumlazimisha. Siku ya mtihani wa kuchora, pale shule ya misheni Baraka, aligonga ubao kwa fimbo.

"Kitu cha karibu, kikubwa. Cha mbali, kidogo. Mwenye kukosea hapandi darasa. Na we Wilondja, nitafurahi kukurudisha kwa mama yako!"

Basi nikamchora mama yangu. Alisimama mbele, kikapu cha pamba kichwani. Nyuma yake barabara ilizidi kuwa nyembamba mpaka kwenye mizani ya kupimia pamba, na kando ya mizani nikamweka Bwana Agronome, yule bwana shamba wa serikali, mzungu aliyetulimisha pamba kwa nguvu.

Anaclet akainama juu ya karatasi yangu. "Huyu nzi ni nani?"

"Si nzi, mwalimu. Ni Bwana Agronome. Iko mbali."

Darasa zima likacheka. Anaclet akatupa jicho mlangoni, kama amesikia viatu vya mzungu.

"Mupumbafu we! Muzungu anakuwa mudogo kuliko mwanamuke? Unataka banifunge? Mukuze sasa hivi!"

"Kama anataka kuwa mukubwa, mwalimu, asogee karibu, amusaidie mama kikapo."

Safari hii hakuna aliyecheka. Anaclet alilowesha kidole kwa mate, akamfuta agronome, kisha akaniandikia sifuri mbele kabisa ya mchoro, kubwa kumzidi hata mama.

"Unaiona?"

"Ndiyo, mwalimu. Iko karibu sana."

Akanionyesha mlango kwa fimbo. Nikachukua mchoro wangu, nikarudi kwa mama.