Kilo Moja na Robo

Fundi cherehani alijifungua wiki saba kabla ya wakati. Binti yake alikuwa na kilo moja na robo, na hakuwa na nguvu ya kunyonya. Muuguzi alimwonyesha namna ya kumfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, ili asipoteze joto, na kumnywesha maziwa yaliyokamuliwa kwa kikombe kidogo. Hata hivyo, kila asubuhi mizani ilionyesha amepungua.

Siku ya nne mama alishikwa na homa kali, akahamishiwa wodi nyingine. Mumewe, mchomeleaji wa mageti, alibaki amesimama na mtoto mikononi.

"Vua shati, baba," muuguzi alimwambia.

"Mimi, dada? Kwa mikono hii? Nitamvunja!"

"Humvunji. Miguu imeshaanza kupoa. Vua upesi!"

Akavua. Muuguzi alimlaza mtoto kwenye kifua kilichojaa makovu ya cheche, akawafunga pamoja kwa kitenge. Haikupita saa, midomo ya mtoto ikageuka rangi.

"Dada! Hapumui!"

Muuguzi alimsugua mgongo mpaka pumzi ikarudi. "Watoto njiti kama huyu, waliozaliwa kabla ya wakati, husahau kupumua. Akitulia mno, msugue hivi."

Tangu hapo baba hakuthubutu hata kusinzia. "Mama'angu, nakuomba, vuta pumzi tena," alimnong'oneza mtoto kila alipotulia.

Kesho yake mizani ilisimama palepale pa jana.

"Hajapungua," muuguzi alisema. "Na homa ya mkeo imeshuka, ameamka. Anauliza kama mtoto bado yupo."

Baba alifungua mdomo ajibu, kilio kikamtoka.