Koti la Steringi

“Hii si nguo,” alisema mzee. “Ni chenga tupu.”

Alikuwa ameinama mbele ya laptopu, kioo chake cha kukuzia kikiwa kimegusa skrini, kile kile alichotumia miaka yote kutunga uzi kwenye sindano nyembamba. Bintiye, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, alisogea naye aangalie. Alikuwa ameisimamisha filamu pale steringi, shujaa wa filamu, anapoelekezewa bastola, kifua mbele, ndani ya koti jeusi. Koti hilo alilishona yeye kwa mkono, kuanzia mabegani hadi kwenye pindo. Lakini kwenye skrini ile ya zamani lilikuwa doa jeusi lenye mikono, na kila baba yake aliposogeza kioo, aliona vitone vyekundu, vya kijani na vya bluu. Uzi hakuuona hata mmoja.

Nyuma yao mama alikuwa anatafuna karanga. Aliuliza kama mambo ya ushonaji yamekwisha, maana yeye alitaka kujua yule bwana anapigwa risasi au hapigwi.

Macho ya mzee yalikuwa yameanza kumkimbia, na kesho yake alikuwa arudishe ufunguo wa chumba chake cha ushonaji kwa mwenye jengo. Kitinda alikitaka chumba hicho. Alikulia chini ya meza ya baba yake, akiokota pini kwa sumaku. Lakini alipokiomba, baba alikataa katakata. Tangu binti aende kushonea watu wa filamu, mzee alikuwa na donge. Nguo za maigizo, alisema, hushikwa kwa pini na gundi, zikishapigwa picha zinatupwa, na mkono uliozoea kulipua kazi ovyo ovyo haurudi tena kwenye mstari. Mlipuaji hataingia chumbani mwake, hata awe damu yake. Kitinda akaapa kwamba koti lile alilishona vile vile alivyofundishwa. Koti lenyewe lilikuwa limefungiwa stoo ya wenye filamu. Baba akasema basi, na amwonyeshe kwenye hiyo filamu.

Ndiyo maana alimbembeleza mhariri wa picha mpaka akampa nakala safi kabisa, kama ile ya kwenye ukumbi wa sinema. Mhariri alimwonya asiitazame kwenye laptopu yake. Picha ni kubwa kuliko skrini, alisema, mashine itaibana ndipo ienee. Kitinda aliona ni maringo ya watu wa sinema.

Sasa aliiachia filamu iendelee, akitumaini pengine steringi atasogea mahali penye mwanga. Ikawa balaa. Picha ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Sauti ilitangulia na midomo ikafuata baadaye, hata mama akasema huyu bwana anaongea kwanza halafu ndiyo anafungua mdomo. Mzee aliketi wima, akarudisha kioo kwenye kifuko chake.

“Nimeona, mwanangu. Inatosha.”

Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Kitinda kuliko kama angegombezwa. Akamwona baba akiuvuta ufunguo uliokuwa mezani na kuutia mfukoni.

Itaibana ndipo ienee. Maneno ya mhariri yalimrudia, na safari hii aliyasikia kifundi. Kitambaa kipana ukikibana mahali pembamba hakipungui, kinajikunja tu, na kilichokunjwa hukunjuka. Kwa hiyo uzi haukupotea, ulikuwa humo humo ndani. Baba alikuwa anaikuza skrini, wakati cha kukuzwa kilikuwa picha yenyewe.

“Baba, usinyanyuke kwanza.”

Akairudisha filamu nyuma hadi kwenye bastola, akaisimamisha, akaanza kubonyeza vitufe asivyovijua. Maandishi ya lugha ngeni yakatokea chini. Steringi akapinduka miguu juu, na mama akataka kujua kama ndivyo hadithi inavyokwenda. Kitinda alimgeuza, akabonyeza tena. Kichwa cha steringi kikatoka nje ya skrini. Akabonyeza. Kikabaki kifua. Akabonyeza tena, na ukingo wa kola ukatanda kutoka upande hadi upande.

Mishono ilikuwepo. Midogo, imelala upande mmoja, kila mmoja umezama kwenye kitambaa na kuacha kibonyeo chake. Tundu la kifungo lilikuwa limezungushiwa uzi wa mkono, mafundo yake yamepangana ukingoni kama punje za mtama.

Mzee alikitoa kioo kifukoni, akakiangalia, akakirudisha. Halafu akapitisha kidole hewani, karibu kabisa na skrini, mshono hadi mshono.

“Hapa ulipitiwa,” alisema.

Ilikuwa kweli. Mshono mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake.

“Muongozaji alikuwa ananipigia kelele, baba.”

“Hata wateja wangu walikuwa wanapiga kelele.” Kidole kikaendelea, kikatua kwenye tundu la kifungo. “Hili nalo nani kakushonea?”

“Mwenyewe. Nililifumua mara mbili.”

“Mimi ningelifumua mara tatu.” Akalizunguka kwa kidole. “Na bado lisingependeza hivi.”

Kitinda alitaka kurukaruka mbele ya wazazi wake kama mtoto, akajikaza kwa kushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mama aliacha kutafuna.

Mzee alitia mkono mfukoni, akauweka ufunguo kando ya laptopu, upande wa bintiye.

“Kesho uwahi. Lile kufuli la chini unaliinua kidogo kwanza, ndipo unazungusha.”

“Ndiyo, baba.”

Mama alijifuta macho kwa kiganja. Kisha akakumbusha kwamba kuna mtu hapo ameelekezewa bastola.

“Angoje,” mzee alisema, akivuta kiti karibu. “Hebu nipeleke kwenye mkono wa kushoto.”

Kitinda akabonyeza. Steringi, ambaye kichwa chake hakuna aliyekikumbuka, akaendelea kuisubiri risasi, huku koti lake likipita polepole mbele ya mzee, mshono baada ya mshono, kuelekea begani.