Hapa Hatuvunji Shingo

1.

TANGAZO KWA WATEJA WOTE
Kuanzia leo, duka hili halitoi tena huduma ya kuvunja shingo baada ya kunyoa. Nywele, ndevu na kukandwa mabega vinaendelea kama kawaida.
Tafadhali usiulize sababu.
Mwinjuma, Kinyozi.

2.

Waliuliza.

3.

Sababu ni hii. Mwinjuma alikuwa akimnyoa mtu ndevu, wembe ukamponyoka. Picha ya kliniki ilionyesha kwamba mto laini ulio kati ya pingili mbili za shingo, wanaouita diski, umetokeza na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimekufa ganzi. Kinyozi asiyehisi kidevu cha mtu hana kazi.

"Kisu bado," alisema Eligiva, mtaalamu wa tiba ya viungo. "Wengi hupata nafuu kwa mazoezi. Lakini mkono ukizidi kulegea, nitakupeleka kwa wapasuaji."

4.

MAELEKEZO KWA MGONJWA
(a) Vuta kidevu nyuma, kama mtoto anayekataa uji. Asubuhi na jioni.
(b) Vaa kola ukiwa kazini, kwa muda mfupi tu.
(c) Njoo kliniki uvutwe shingo kwa mashine.
(d) Mtu yeyote asikuzungushe shingo.

MTU YEYOTE.

5.

Bencheni, wateja wakisubiri zamu:

— Shemeji yangu alipona kwa mafuta ya simba.
— Simba gani, wewe? Yale ni mafuta ya nyonyo!
— Aumikwe, bwana. Damu chafu hiyo.
— Na hiyo kola! Kama mbuzi aliyezoea shamba la watu.
— Mimi nahamia kwa Kibwana, ng'ambo ya barabara. Kule shingo inalia *kaa!* Ndipo unajua umenyolewa.
— Mwinjuma, unatusikia?

Alikuwa akiwasikia. Kugeuka ndiko alikokatazwa.

6.

Gumba likaanza kuwasha. Kuwasha ni habari njema, alisema Eligiva. Mwinjuma alifurahi, akajihesabu mzima, akasahau kabisa sharti la (d).

Ijumaa.

7.

Kibwana, kinyozi wa ng'ambo, anajieleza:

"Kila Ijumaa kabla ya sala, mimi namnyoa yeye, yeye ananinyoa mimi. Ndivyo tulivyo tangu ujana. Kola aliivua mwenyewe, maana kisogo hakifikiki. Nikanyoa, nikapangusa, nikapaka poda. Halafu akafumba macho, akalegeza shingo, akaniachia kidevu. Wallahi aliniachia! Mikono ikajiendea."

8.

        *Kaa.*

9.

"Baba, nani kakushika shingo?" aliuliza Eligiva, kliniki.

"Kinyozi."

"Wewe si ndiye kinyozi?"

"Kinyozi wangu, Kibwana."

Eligiva aliweka kalamu chini. "Lile tangazo ulilobandika dukani linawahusu nani?"

"Wateja."

"Na kwa Kibwana ulikwenda kama nani?"

Mwinjuma alitazama gumba lake. Lilikuwa limekufa tena.

"Tunaanza upya," alisema Eligiva. "Hii ni mara ya mwisho. Nisipoona nafuu, naandika barua ya upasuaji."

10.

Na wewe unayesoma, umeinama. Inua kitabu.

Na usimtajie Mwinjuma mafuta yoyote.

11.

Akaanza upya. Kidevu nyuma. Kola. Mashine. Kwa Kibwana hakwenda. Nywele zikamfunika masikio, bencheni wakacheka.

Jumatatu moja akaketi kitini Mzee Chambuso, mteja wake wa zamani, tangazo likiwa mbele ya pua yake. Mwinjuma alimnyoa kwa mkono wa kushoto, polepole, akampangusa, akampaka poda. Mzee akafumba macho, akalegeza shingo.

"Malizia basi, mwanangu."

"Mzee, soma hapo."

"Nimesoma. Hilo ni la wengine."

Mwinjuma akatazama kioo. Mikono yake miwili ilikuwa tayari imekishika kile kidevu. Hakujua ilifika pale saa ngapi.

Bencheni wakanyoosha shingo, wakisubiri mlio.

Chini ya gumba la kulia, kitu kikamchoma. Kidogo sana. Akalisogeza gumba, akalirudisha. Kikamchoma tena: ndevu moja, fupi, ambayo mkono wa kushoto ulikuwa umeiacha.

"Usitikisike, Mzee," alisema.

Akakiachia kidevu. Akanyoosha mkono wa kulia kuuchukua wembe, vidole vikaufumbata, na wembe haukumponyoka.