Sauti Mdomoni mwa Kisima

Fuko alikuwa amepiga magoti, anakwangua udongo kwa jembe lililofupishwa mpini na kuujaza kwenye ndoo. Mita kumi na sita juu yake, mdomo wa kisima ulikuwa umebaki mdogo kama kisahani cha kikombe, na kutoka kwenye kisahani hicho sauti ya mwanamke ilikuwa inashuka taratibu.

"Mbuzi amepita," ilisema. "Mbuzi wa yule mama wa duka. Amesimama mlangoni mwa kanisa. Haingii."

"Atakuwa na dhambi nyingi," Fuko alijibu.

"Sasa amegeuka. Anarudi alikotoka."

"Ndoo tayari!"

Alitikisa kamba mara mbili. Kule juu Fundi Baiskeli akaanza kuzungusha gogo la kukunjia kamba, na ndoo ikapanda ikiyumba. Fundi Baiskeli alikuwa mzee wa kanisa, mnene, mwenye mikono ya chuma na pumzi fupi. Kuvuta aliweza, kuvuta huku anaongea kulimshinda. Ndiyo maana kazi ya kuongea alipewa shemeji yake Fuko.

Wachimbaji wa visima wana sheria moja wasiyoifanyia mzaha: aliye juu hanyamazi. Aseme lolote, aimbe, atukane, ahesabu kunguru. Aliye chini haoni kitu ila ukuta. Sauti ndiyo inayomwambia kwamba kamba ina mwenyewe na ukingo bado umeshika. Sauti ikikatika, anaacha kila kitu na kupanda.

Kwa miaka kumi na miwili sauti hiyo ilikuwa ya mdogo wake Fuko. Watu walimwita Redio, kwa sababu aliwashwa asubuhi na hakuna aliyewahi kuona betri zake zikiisha. Kisa kimoja alikisimulia mara nne kwa siku, na mara zote nne Fuko alicheka peke yake huko chini mpaka jembe likamponyoka.

Halafu, miezi minane iliyopita, kwenye kisima kingine, Redio alinyamaza. Kabla Fuko hajashika kishikio cha kwanza cha kupandia, ukingo ulimeguka na udongo ukamfukia hadi kifuani. Walipomtoa, alimkuta mdogo wake amekaa chini karibu na gogo, macho mekundu, mikono inatetemeka. Mbele ya watu wote Fuko alimwita mlevi. Akamwambia asiiguse tena kamba yake. Redio, ambaye hakuwahi kukosa neno, siku hiyo alilikosa. Kesho yake hakuonekana.

Baadaye dereva wa lori la mawe alileta habari kwamba Redio yuko machimboni, mwendo wa siku nzima, anavunja kokoto. Lori hilo lilipita barabara kuu kila Ijumaa asubuhi. Kila Ijumaa Fuko alioga, akavaa shati safi, akaenda kusimama kando ya barabara akiwa na maneno mawili tu ya kumpa dereva: arudi nyumbani. Lori lilipotokea, alijikuta ameinama kufunga kamba za viatu, na aliponyanyuka vumbi lilikuwa limeshatua.

Leo ilikuwa Alhamisi.

Watu wa kanisa walipomwendea awachimbie kisima, mvua ilikuwa imekosekana misimu miwili, na foleni ya maji kwenye bomba la mtaa ilianza kabla ya jua kuchomoza. Fuko aliwaambia hana mtu wa kumwongelesha. "Nitaongea mimi," alisema mke wa mdogo wake, na wote waligeuka kumtazama, maana huyu alikuwa mwanamke ambaye hata akiungua na sufuria husema "aa" kwa sauti ya chini.

Hakuwa na visa, basi akawa anasema anachokiona. Na kila asubuhi, kabla Fuko hajashuka, alisimama mdomoni mwa kisima na kuomba maneno machache: Bwana, huyu anashuka, umrudishe. Siku za kwanza Fuko alivua kofia kwa heshima tu, akili yake ikiwa kwenye ndoo. Wiki ya tatu shemeji alichelewa kwenye foleni ya bomba. "Shuka, bwana, nitajitahidi kuongea," Fundi Baiskeli alisema. Fuko alichukua jembe, akalifuta, akaligeuza akalifuta tena, mpaka shemeji alipofika na kusema amina. Hakujiuliza kwa nini. Alishuka kazini.

"Kunguru wawili," sauti ilisema sasa. "Mmoja ameruka."

Fuko alingoja habari za yule wa pili. Hazikuja.

"Shemeji?"

Kimya. Kifua kilimbana palepale udongo ulipokuwa umembana. Alitupa jembe, akashika kishikio, akapanda kwa kucha na magoti, chembe za mchanga zikimwingia machoni. Alipotoa kichwa nje, alimkuta shemeji amesimama, macho ameyafumba, midomo inacheza bila sauti. Kando yake Fundi Baiskeli naye alikuwa ameinamisha kichwa, kofia kifuani, kamba ameiachia.

"Mnafanya nini?"

Shemeji alishtuka. "Nilikuwa naomba."

"Tunakuombea wewe," Fundi Baiskeli aliongeza.

"Mnaniombea nife?" Fuko alikaa ukingoni, anahema. "Mzee mzima, unaachia kamba!"

"Si heshima kushika kamba wakati wa maombi."

"Huyo unayemwomba, kama anajua visima, angekuzaba kibao."

Fundi Baiskeli aliokota kamba haraka, akaizungusha kwenye viganja vyote viwili. Shemeji alikuwa anavuta pindo la kitenge chake. "Nisamehe, shemeji. Vya kusema vimeniishia. Naona vilevile kila siku, nikasema niombe kidogo."

"Omba. Lakini kwa sauti."

"Maombi yangu si ya kusikiwa na watu."

"Basi mimi si mtu, ni mchimbaji. Omba."

Alishuka tena. Kwa muda alisikia kuguna tu juu, kisha sauti ikaanza, ndogo, ikijikwaa. Ilishukuru kwa ndoo zilizotoka leo. Ilimwombea mama wa duka mguu wake. Fuko alichimba kwa kufuata mwendo wake. Kisha ikawa kama imesahau kwamba kisima kina masikio.

"Na baba wa mtoto wangu, Bwana, huko aliko. Ulimwona zile siku tatu mtoto alipochemka homa, akawa anambeba mpaka kunakucha, mimi sijiwezi. Asubuhi akaenda kisimani hivyo hivyo, sikumzuia. Usingizi ulimchukua. Wewe unajua hakunywa kitu. Na shemeji, Bwana, asiteseke. Namsikia akitembea uani. Simdai neno. Mpe tu kulala."

Jembe lilikuwa limesimama. Fuko alitazama udongo uliokuwa mbele ya magoti yake, akaona yale macho mekundu, akaona mikono ile. Alikuwa ameiona vizuri siku ile, akaisoma vibaya mbele ya watu arobaini. Na huyu mwanamke aliijua kweli yote. Kwa miezi minane hakumlaumu, na hapa kisimani kila asubuhi alisema umrudishe.

Hasira aliitafuta, maana ingemsaidia. Hakuipata. Alichokipata ni hamu tu, ya kusikia kile kisa kwa mara ya nne.

"Shemeji," aliita. "Nyamaza kidogo."

Juu palikuwa na mshangao. "Na sheria?"

"Nitaongea mimi. Ukisikia nimekatika, niite."

Alivua kofia, akaona haifai kuiweka kwenye matope, akaishikilia. Hakujua mtu anaanzia wapi.

"Wewe unayeongea na shemeji yangu," alisema. "Mimi na wewe hatujuani sana. Ni yule wa visima. Nilimwita mdogo wangu mlevi. Hakuwa mlevi, alikuwa na usingizi. Namtaka arudi. Namtaka, nimeshindwa kusema. Kesho lori likija nitainama tena, najijua. Basi nishike nisiiname." Alifikiri kama kuna lingine. "Ni hilo tu."

Hakuna kilichotokea. Ukuta ulibaki ukuta. Lakini baada ya miezi minane ya kujiona peke yake, hata sauti ya shemeji ikiwepo, sasa hakujiona hivyo tena, na hilo alilipima polepole kama anavyopima ukingo kwa kiganja, asije akajidanganya.

Kutoka juu, baada ya muda, Fundi Baiskeli alisema amina.

Fuko alirudi kwenye jembe. Ndoo ya tano baada ya hapo, udongo ulibadilika. Ulikuwa mweusi zaidi, unashikamana, na alipouminya kiganjani ulimwachia ubaridi.

"Una unyevu!" alipiga kelele.

"Endelea!" Fundi Baiskeli alijibu. "Endelea, nitavuta hata kwa meno!"

"Hapana. Ukuta ukilowa unataka mbao za kuuzuia. Na mwanga unaisha."

Alipanda bila haraka. Shemeji alikuwa ameshaanza kuburuta mbao za kufunikia mdomo wa kisima. Fuko alishika upande wa pili wa ubao mrefu, wakaulaza pamoja.

"Kesho nitachelewa kidogo," alisema akiutazama ubao. "Nina mtu wa kuonana naye barabarani."

Shemeji hakunyanyua uso. "Hupita saa moja na nusu," alisema.

"Najua." Alisukuma ubao mwingine. "Kwa upande wako, nimwambie nini?"

Mwanamke alipangusa mchanga kwenye ubao kwa pindo la kitenge.

"Mwambie mtoto ameanza kusimama. Anashika kiti, anasimama, kisha anaangalia mlango."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mwambie tu mtoto anasimama."

Fundi Baiskeli alikuwa anakunja kamba, anajifanya hasikii. Ubao wa mwisho haukutosha, ukaacha upenyo wa kiganja kimoja, na Fuko alisema utafaa kwa leo. Kesho akitoka barabarani atakuja na msumeno, na mbao za ukuta, na ndoo waliyoiacha kule chini nusu imejaa itavutwa hapo hapo.