Maji ya Kabichi

Muuzaji alipoona kabichi linatolewa kwenye mfuko, alibetua midomo.

"Mama, hapa tunauza vyombo. Soko liko ng'ambo ya barabara."

Mwanamke huyo, ambaye jikoni kwao walimwita Mama Karoti, aliingiza tena mkono kwenye mfuko. Alitoa na karoti tatu zilizooshwa, akazipanga kwenye kaunta ya kioo kana kwamba yuko kwake. Kando yake, meneja wa kantini alitazama saa kwa aibu.

"Tuvumilie," akamwambia muuzaji. "Huyu amekwaruza mboga kwa mkono miaka kumi na tisa. Mashine amezoea kuziona pichani."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa, sahani mia tatu za saladi kila mchana, na kibati kimoja chenye matundu kilichokula ncha za vidole vyake kidogo kidogo. Sasa kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevimba kama kiazi. Daktari hakuzunguka: mkono usipopumzishwa utagoma, na ukigoma haurudi. Ndiyo maana meneja akakubali kununua mashine. Moja tu. Isipofaa, kibati kingali msumarini.

Ya kwanza ilikuwa nyeusi, ina vitufe kumi na viwili na taa ya buluu. Meneja aliipenda hapo hapo, kama mtu anayependa gari kwa honi yake.

"Hii inafanya kila kitu," muuzaji akasema. "Inasaga, inakanda, inapiga mayai..."

"Nataka inayokata. Washa."

Robo ya kabichi ikaingia. Mashine ikanguruma, ikatema. Mama Karoti akachota konzi moja, akaifumba katika mkono wa kushoto, akahesabu kimya hadi kumi. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Aliyatazama kama mate ya mlevi sakafuni.

"Haikati hii, inaponda. Kisu kikiwa kikali, kabichi halilii."

"Mama, mboga ina maji, ni kawaida."

"Hata wewe una maji, baba. Mbona huvuji?"

Meneja alikohoa. Muuzaji akaleta ya pili. Mdomo wa mashine hiyo ulikuwa mwembamba, karoti ikakwama shingoni.

"Inabidi uzikatekate kwanza," akaeleza.

Mama Karoti akainama, akaiuliza mashine yenyewe: "Nikukatie, nikulishe, halafu wewe kazi yako nini?"

"Wenzako hununua kwa kuangalia!"

"Ndiyo maana wenzangu hurudi hapa kugombana."

Kisha akanyoosha kidole. Mlango wa stoo ulikuwa umezuiliwa usijifunge na kitu kizito cha kijivu, kimejaa vumbi.

"Hiyo? Hiyo ya zamani, haina mteja. Swichi yenyewe moja."

"Bora. Haina maneno mengi."

Aliifuta, akasuuza sahani yake ya meno, akaitia karoti nzima. Nyuzi zikaanguka ndefu. Kabichi likafuata. Safari hii hakufumba yeye. Alichota konzi ya mashine nyeusi, akamtilia meneja mkono mmoja, konzi ya kijivu mkono wa pili.

"Fumba, bosi. Hesabu kumi."

Kufika sita, mkono mmoja wa shati jeupe ulikuwa umelowa. Meneja akafumbua kiganja cha pili. Kabichi likajinyoosha taratibu, uzi mmoja mmoja, na kiganja kilikuwa kikavu karibu chote. Aliitazama taa ya buluu, akatazama shati lake.

"Tuchukue hii ya kijivu," akasema, kana kwamba ni wazo lake.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mashine ilikuwa inanguruma na beseni la karoti limejaa. Mama Karoti aliketi kwenye stuli, akilisha kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliulaza mezani upumzike. Ulikaa kidogo, kisha ukaanza wenyewe: juu, chini, juu, chini, ukikwaruza meza tupu.